Jeraha la Mgongo Linapoufikia Ubongo

Mtu akianguka kutoka juu ya mnazi au akipata ajali ya bodaboda na kuumia uti wa mgongo, swali la kwanza la nyumbani ni kama atatembea tena. Kichwa hakikupata hata mchubuko, basi hakuna anayekiulizia. Miezi ikipita, mgonjwa anakosa usingizi, chakula hakimpendezi, wageni hawataki. Ndugu wanamsihi ajikaze. Wanasayansi wamepata sababu ya kutufanya tuyafikirie upya maneno hayo.

Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba watu zaidi ya milioni 15 wanaishi na jeraha la uti wa mgongo, na kwamba asilimia 20 hadi 30 ya wenye jeraha hilo huonyesha dalili nzito za sonona. Kwa muda mrefu chanzo kilitafutwa katika maisha yaliyopinduka: kazi imepotea, maumivu hayakomi, hata kwenda haja lazima asaidiwe. Mambo hayo ni ya kweli na ni mazito, lakini huenda si yote.

Mwaka 2014, Junfang Wu, Alan Faden na wenzao wa Chuo Kikuu cha Maryland, nchini Marekani, walichapisha matokeo ya uchunguzi wa panya waliojeruhiwa uti wa mgongo peke yake, ubongo haukuguswa. Wiki kadhaa baadaye, ubongo huo ulikuwa na jeraha la aina yake. Seli za maikroglia, ambazo ndizo kinga ya ubongo, huamka penye hatari, hula mabaki ya seli zilizokufa, kisha hutulia. Katika panya hao hazikutulia. Ziliendelea kuchochea uvimbe, na seli za neva zikapungua kwenye gamba la ubongo, thalamasi na hipokampasi, sehemu inayohusika na kumbukumbu na hisia. Hata uzalishaji wa seli mpya za neva ulishuka.

Tabia nazo zilibadilika. Panya hao walishindwa kukumbuka mambo waliyofundishwa, wakaonyesha pia dalili zinazofanana na sonona. Ili kuzipima dalili hizo, watafiti wa sonona hupenda kumwekea panya maji matupu na maji ya sukari, kwa kuwa panya mzima hukimbilia utamu, ilhali aliyepoteza raha haujali. Panya waliojeruhiwa walipopewa CR8, dawa ya majaribio inayozuia protini zinazoamsha mzunguko wa kugawanyika kwa seli, uvimbe ulipungua na tabia zikawa afadhali.

Panya si binadamu, na CR8 si dawa ya kuulizia famasi. Hata hivyo somo la uchunguzi huo linatuhusu: sonona ya mgonjwa wa mgongo inaweza kuwa na mizizi ndani ya ubongo wenyewe, na kujikaza hakuzimi uvimbe.

Kwa hiyo hali ya kihisia ya mgonjwa ipimwe tangu wodini, kama vidonda vya kulalia na kibofu vinavyopimwa. Dodoso la kupima sonona liitwalo PHQ-9, lenye maswali 9 tu, limeshatafsiriwa kwa Kiswahili. Ushauri nasaha, dawa za sonona, kudhibiti maumivu na mazoezi ni tiba zilizopo leo. Anayezungumzia kufa asikemewe. Asikilizwe, na afikishwe kwa mtaalamu siku hiyohiyo. Sonona ni sehemu ya jeraha lake, nayo ina haki ya kutibiwa sawa na mfupa uliovunjika.