Mayai Kwa Friji: Hii Story ya Kugandisha Mayai Hufanya Kazi Aje?

Una miaka 28, kazi ndio inaanza kushika, jamaa serious bado hajaonekana, na kila ukienda ocha shosho anauliza kitukuu ako wapi. Halafu unaskia kuna madem wanagandisha mayai yao ya uzazi. Ni ukweli ama ni kiki?

Ni ukweli. Uzazi wa kwanza kutoka kwa yai lililogandishwa uliripotiwa Australia mwaka wa 1986. Shida ya kitambo, yai liligandishwa polepole, maji ndani yakageuka barafu na kuliharibu. Siku hizi linagandishwa chap chap, kisha linawekwa kwa naitrojeni ya majimaji, nyuzi 196 chini ya sufuri.

Cheki vile inaenda. Unadungwa homoni kila siku kwa kama wiki mbili ndio mayai mengi yakomae pamoja, si lile moja la kila mwezi. Unapewa dawa ya usingizi, daktari anayavuta na sindano, na mara nyingi unarudi home siku hiyo hiyo.

Miaka ikipita na utake mtoto, yai linayeyushwa na mbegu moja ya mwanaume inadungwa ndani, juu kugandishwa hufanya ganda lake kuwa gumu. Likishika, linakuzwa maabara siku 3 hadi 5, ndio liwekwe tumboni.

Sasa hapa ndio wengi huchomwa. Mayai 10 si watoto 10. Mengine hayafufuki, mengine hayashiki, mengine yanashika lakini mimba haikai. Kinachoamua sana ni umri ulioyagandisha: yai la miaka 30 linabaki la miaka 30 hata ukiwa na 40. Ukingoja upite 35, nguvu inashuka mbio.

Na kama wewe ama beshte yako mmeambiwa ni kansa, uliza daktari hii story kabla matibabu yaanze. Dawa zingine za kansa humaliza mayai kabisa.

Kabla utoe ganji, uliza kliniki maswali matatu: Ni watoto wangapi wamezaliwa kutoka kwa mayai mliyogandisha nyinyi wenyewe? Kuyahifadhi ni pesa ngapi kila mwaka? Nikikosa kulipa ama nikifa, mayai yangu yanaenda wapi?

Wakianza kuzungusha maneno, beba kibeti yako uishie.