Land Rover ya Zamani: Kutambua Vipande vya Asili na Vilivyotiwa Baadaye

Leo nataka kuwaeleza jambo ambalo wengi wa kwetu Msanzi hulidhani kuwa ni elimu ya mafundi peke yao, nalo ni jinsi ya kutambua kama vipande vya nje vya Land Rover ya zamani vilitoka kiwandani pamoja na gari, ama vimetiwa baadaye. Magari haya twayajua sana. Kwa miaka mingi, kabla njia ya Tunduma mpaka Sumbawanga haijatiwa lami, yalipita katika matope ya Ufipa, yakashuka mpaka Kasanga penye ziwa. Hata sasa mtu akivuna mahindi vizuri, huenda akatamani kununua moja iliyo kuukuu, na muuzaji humwambia, "Hii ni ya asili yote, haijaguswa." Maneno hayo huongeza bei. Basi yafaa mnunuzi ayapime kwa macho na mikono yake kabla hajatoa fedha za mwaka mzima.

Kwanza tujue gari lenyewe lilitengenezwaje. Land Rover ilionyeshwa kwa watu mara ya kwanza mjini Amsterdam, tarehe 30 Aprili 1948. Vita Kuu ya Pili ilikuwa imekwisha karibuni, na katika Uingereza chuma kiligawiwa kwa kipimo. Kwa hiyo kampuni ya Rover, katika kiwanda chake cha Solihull, ilifanya mwili wa gari kwa bati la alumini, ikaweka chuma mahali penye kubeba uzito. Lishikeni sana jambo hili.

Sasa chukua sumaku, ile ile ndogo tunayowaonyesha watoto darasani. Igusishe kwenye madigadi ya mbele, kwenye boneti, na ubavuni nyuma. Isiposhika, bati ni alumini. Ikishika kwa nguvu, ujue fundi amekata bati la chuma, pengine la pipa, akalikunja kwa nyundo na kulipaka rangi. Lakini usifanye haraka kumwita muuzaji mwongo! Ukuta unaotenga injini na dereva ni wa chuma tangu kiwandani. Chasisi vile vile. Hapo sumaku lazima ishike.

Tena, sumaku haikuambii umri. Vipande vingi vya gari hili hufungwa kwa bolti, na ndiyo sababu lapendwa na mafundi wa vijijini. Lakini kwa sababu hiyo hiyo digadi la gari moja huhamia gari jingine bila taabu. Hapa tutazame uso wa gari. Yale ya kwanza kabisa yalikuwa na taa za mbele nyuma ya wavu wa chuma. Mwaka 1958 ilitoka Series II, ambayo ubavu wake umevimba kidogo chini ya madirisha, wala si mnyofu kama ubao. Taa zilikaa katikati, karibu na wavu, mpaka miaka ya 1968 na 1969 zilipohamishiwa katika madigadi. Mwaka 1971 ilikuja Series III, yenye wavu wa plastiki, na saa za mwendo na mafuta zikawekwa mbele ya dereva. Zamani zilikuwa katikati. Basi mtu akikuambia kuwa gari lake ni la 1964, nawe waona taa ndani ya madigadi na plastiki mbele, gari hilo limebadilishwa uso. Huenda ni zima, huenda ni zuri, lakini si la asili yote.

Vitu vidogo husema zaidi kuliko vikubwa, maana mwenye kutaka kudanganya hupaka rangi vile vikubwa na kusahau vidogo. Tazama mikanda inayofunika kingo za juu za ubavu. Ile ya kiwandani ilipakwa zinki, nayo ina rangi ya kijivu yenye madoa kama barafu iliyoganda. Ya kuiga mara nyingi ni chuma kilichopakwa rangi ya fedha, na kutu hutokeza mapema kwenye pembe. Tazama na ribiti, yaani misumari mifupi inayounganisha mabati: za kiwandani zimepangwa kwa nafasi sawa, lakini ukiona skurubu katikati yake, pamefunguliwa hapo. Mahali alumini inapogusana na chuma, baada ya miaka hutokea unga mweupe. Unga huo ni ugonjwa, lakini pia ni shahidi wa uzee: digadi lisilo na unga wala kovu katika gari la miaka sitini lahitaji kuulizwa habari zake. Vioo navyo vina maandishi pembeni, kama jina la Triplex, na taa nyingi za Lucas zimepigwa chapa ya mwezi na mwaka.

Mimi sioni aibu katika kipande cha kutengenezwa. Ufipa ni nchi ya wahunzi. Mababu waliyeyusha mawe ya chuma katika malungu, yale matanuru ya udongo yaliyomzidi mtu kwa urefu, na fundi wa leo anayekunja digadi kwa nyundo hana haja ya kujificha. Ninalolikataa ni kulipia kazi yake kwa bei ya Solihull.

Walakini, hofu yangu kubwa haiko kwenye madigadi. Mnunuzi hutazama nembo na wavu, naye asahau kulala chini ya gari. Chasisi ni kama sanduku refu lililo wazi ndani, na kutu huila kutoka ndani. Ukiona imepakwa lami nzito na mpya, chukua nyundo ndogo uigonge polepole toka mbele hata nyuma. Chuma kizima hulia. Kilichooza hutoa sauti ya kibuyu kilichopasuka. Ukiwa hapo chini, paka chaki penye kishikio cha springi ya mbele, upande wa kulia: katika Series II na III namba ya chasisi ilipigwa hapo. Isome tarakimu kwa tarakimu, huku mwenzako akiwa ameshika kadi ya gari.