MENO YA MJUKUU WAKO ALIYE NAIROBI

Mkulima, shule zikifungwa mwezi wa Agosti, wajukuu watafika shambani kwako kutoka Kaloleni, Jericho, Umoja, Dandora au Kayole. Utawachomea mahindi mabichi. Ukimwona mmoja anatafuna kwa upande mmoja tu, au anayaacha mahindi, mwambie afungue kinywa uangalie.

Kule Eastlands mama wengi huondoka alfajiri kwenda kazini. Mtoto huachwa kwa mlezi pamoja na chupa ya chai yenye sukari, akainyonya kidogo kidogo mpaka usingizi umchukue. Akikua, peremende ziko dukani, na vipande vya miwa viko katika mkokoteni mlangoni.

Watu husema jino limeliwa na mdudu. Si mdudu kama yule atobaye mahindi yako ghalani. Ni viini visivyoonekana kwa macho. Wewe unayekama ng'ombe wajua maziwa yakilala huwa makali; viini ndivyo vinavyogeuza sukari ya maziwa kuwa ukali ule. Kinywani hufanya vivyo hivyo, na ukali huo hula jino mpaka litoboke. Kwa hiyo kibaya si wingi wa sukari tu, bali ni kuionja mchana kutwa, na kulala nayo kinywani.

Utasema, "Hayo ni meno ya utoto, yataanguka." Hapa ndipo wengi hupotea. Mtoto akifika miaka 6 hivi, gego huota nyuma kabisa ya magego ya utoto, wala halingojei jino lo lote ling'oke. Mzazi hulidhani la utoto, kumbe ni la kudumu. Likioza likang'olewa, haliji lingine. Na yale ya utoto yenyewe, magego yake hukaa mpaka miaka 10 au 12, yakiyashikia nafasi meno yajayo. Yakitoka mapema, mengine huota kombo.

Mswaki uanze jino la kwanza linapoota: asubuhi, na usiku kabla ya kulala. Dawa ya meno iwe na floraidi, kiasi cha punje ya mchele kwa mtoto aliye chini ya miaka 3, na punje ya njegere baada ya hapo. Mtu mzima ndiye amsugulie mpaka afike miaka 7. (Mswaki wa mti husafisha, ila hauna floraidi ya kutosha.) Chupa ya usiku iwe na maji matupu.

Doa jeupe karibu na ufizi ni mwanzo wa kuoza, nalo laweza kuzuiwa. Tundu ni kazi ya daktari wa meno; Eastlands iko kliniki ya meno katika Hospitali ya Mama Lucy Kibaki. Usitie tumbaku wala mafuta ya taa. Shavu likivimba na mtoto ana homa, usingoje arudi Nairobi. Mpeleke hospitali iliyo karibu nawe siku ile ile.