Fahamu: Kwa nini chanjo za India zilikauka ghafla 2021

Januari 20, 2021, India ilianza kupeleka chanjo za Covid-19 nchi jirani, Bhutan na Maldives zikitangulia, tena bure. Mpango uliitwa Vaccine Maitri. "Maitri" ni urafiki. Urafiki wenye hesabu zake, maana China nayo ilikuwa ikiwabishia hodi majirani haohao.

Nguvu ya India ilikuwa kiwandani: Serum Institute ya Pune ilitengeneza chanjo ya AstraZeneca kwa leseni, na Covax, mpango wa kimataifa wa kugawa chanjo, uliitegemea mno. Dozi milioni 1 na ushei zilizotua Nairobi mwanzoni mwa Machi zilitoka huko.

Kisha wimbi la Delta, aina mpya ya kirusi cha Covid-19, likaipiga India yenyewe. Hospitali zikakosa oksijeni, dozi zikazuiwa nyumbani. Afrika, waliochomwa sindano ya kwanza wakabaki kusubiri ya pili. Covax ilianza kupata tena mzigo wa Pune mwishoni mwa Novemba.