Kuuza Hewa ya Miti: Mfano wa Milima ya Upare

Huenda mwanachama akajiwa shambani na mtu mwenye karatasi, akaambiwa kuwa miti yake ina thamani hata isipochumwa. Biashara hiyo ni ya kaboni. Kabla ya kutia saini yafaa tuifahamu, nasi tutachukua mfano wa Wilaya ya Same, huko Bara, kwani katika milima ya Upare jambo hili laonekana wazi.

Asili yake ni hivi. Kiwanda, ndege na motokaa huchoma mafuta na kutoa hewa ya ukaa, ambayo huzidisha joto la dunia. Lita moja ya dizeli hutoa kiasi cha kilo 2.7 za hewa hiyo. Mti nao huivuta na kuifanya ubao. Tani moja ya ubao mkavu imefunga karibu tani 1.8. Basi kampuni iliyoahidi kufikia "sifuri halisi", yaani isizidishe kitu hewani, humlipa mwingine atunze miti, kisha hujihesabia tani zile. Hili ni sawa iwapo kampuni imekwisha punguza moshi wake yenyewe, ikabakiwa na ule isioweza kuuepuka. Anunuaye vyeti huku akiongeza moshi ni kama mtu atoaye kafara ya wizi na mkono ungali mfukoni mwa jirani.

Sasa tazama Upare. Juu ya Same upo msitu wa Chome, penye kilele cha Shengena, zaidi ya mita 2,400. Humo mna mikulo, miti ya mbao nzuri, ambayo wapasua mbao wameiandama kwa siri miaka mingi. Vijito vitokavyo mlimani hujaza ndiva, malambo ya kienyeji ya Wapare, na kumwagilia mahindi kama huko Bangalala, kwenye ukame. Kwa mkulima wa huko msitu ni maji kwanza, kaboni baadaye.

Je, tani za Chome zaweza kuuzwa? Hapa ndipo penye mtihani. Chome tayari ni hifadhi ya Serikali. Mti ambao ungesimama hata bila fedha ya mnunuzi hauwezi kuwa badala ya moshi wa mtu. Kihesabiwacho ni kile kilichookolewa kwa fedha hiyo hasa: walinzi walioongezwa, miche iliyopandwa palipokuwa patupu. Tena mpasua mbao akifukuzwa Chome akahamia msitu wa kijiji cha pili, hakuna kilichookolewa. Na mti ukiungua au ukioza, hewa yake hurudi. Sisi hatuhitaji kufundishwa hili. Wazee wetu waliona mikarafuu mingi ikiteketea kwa maradhi ya kufa ghafla.

Si kwamba biashara yote ni hadaa. Ng'ambo ya Mkomazi, nchini Kenya, mradi wa Kasigau umekuwa ukipata vyeti tangu 2011 kwa kuzuia ukataji wa msitu. Karibu zaidi na sisi wa pwani ni Gazi, kaunti ya Kwale, ambako tangu 2013 wanakijiji hutunza hekta 117 za mikoko na kuuza kiasi cha tani 3,000 kwa mwaka. Fedha zimeleta maji na kusaidia skuli. Ni mradi mdogo, na nadhani udogo huo ndio nguvu yake, maana kila mtu aona mikoko iko wapi na fedha imekwenda wapi.

Bara ilitunga kanuni za biashara hii mwaka 2022, na hesabu za miradi hufuatiliwa na kituo kilichoko Chuo Kikuu cha Sokoine, Morogoro. Visiwani mambo ya mazingira yana sheria zake, na ardhi ina historia yake. Wengi wetu tunalima eka tatu zilizogawiwa baada ya Mapinduzi ya 1964. Ardhi ni ya Serikali, mikarafuu twaitunza sisi. Hewa iliyomo ndani ya mti ni ya nani? Karatasi isiyojibu swali hilo, wala kutaja miaka mingapi shamba litafungwa na nani atalipa mikarafuu ikifa, isitiwe saini. Ileteni kwanza kwa katibu wa tawi.