UTAFITI WA GESI ASILIA CHINI YA BAHARI: MWANGWI SI USHAHIDI WA KISIMA

Tangu Baraza la Wawakilishi la Zanzibar lilipopitisha sheria ya mafuta na gesi asilia mwaka 2016, wananchi wa Unguja na Pemba wamekuwa wakisikia mara kwa mara habari za "utafiti wa mitetemo". Oktoba 2017 meli ya BGP Explorer ilizinduliwa kwa kazi hiyo katika kitalu cha Pemba–Zanzibar, na Oktoba 2018 Serikali ikatiliana saini na kampuni ya RAK Gas mkataba wa mgawanyo wa uzalishaji. Ni vyema ifahamike utafiti huo hufanywaje, na matokeo yake yana uzito gani.

Meli ya utafiti hukokota mitungi ya hewa iliyoshindiliwa pamoja na nyaya zenye urefu wa kilomita kadhaa, zilizofungwa vipokea sauti. Kila baada ya sekunde chache hewa hufyatuliwa. Sauti yake hushuka hadi sakafu ya bahari, hupenya miamba, na kila inapokutana na tabaka la aina nyingine sehemu yake hurudi juu kama mwangwi. Sauti husafiri majini takriban mita 1,500 kwa sekunde. Kwa hiyo, katika eneo la kisima cha Zafarani, kusini mwa pwani ya Tanzania, ambako kina cha maji ni karibu mita 2,600, mwangwi wa sakafu hurejea baada ya sekunde tatu na nusu hivi. Mwangwi wa tabaka za chini zaidi hufuata nyuma yake.

Wataalamu hukusanya miangwi hiyo kwa kompyuta na kupata sura ya tabaka. Wanachokitafuta ni mtego: mwamba wa mchanga wenye vinyweleo, uliofunikwa na mwamba mzito usiopitisha gesi. Aidha, sauti hupungua mwendo katika mwamba uliojaa gesi, na hivyo mwangwi wake huweza kung'ara kuliko wa jirani zake.

Hata hivyo, dalili hiyo hudanganya. Gesi kidogo isiyofaa kuchimbwa huweza kung'arisha mwangwi sawa na gesi nyingi. Mvuvi aliyelitega dema lake mahali pazuri hajui lina nini mpaka alipandishe. Hali kadhalika, mtego wa miamba haujulikani una nini mpaka kisima kichimbwe. Kampuni za BP na Shell zilichimba Unguja na Pemba kati ya miaka ya 1950 na 1962, na hazikupata hazina ya kufanyiwa biashara. Kwa upande mwingine, Zafarani ilipochimbwa mwaka 2012, gesi ilipatikana.

Na hata gesi ikipatikana, manufaa huchukua muda. Ile ya Songo Songo iligunduliwa mwaka 1974, lakini ilifika Dar es Salaam mwaka 2004, yaani miaka thelathini baadaye.

Kwa wavuvi, kazi hii ina athari za mara moja. Meli inayokokota nyaya haiwezi kukata kona wala kusimama ghafla. Nyavu na madema yaliyomo njiani mwake hukatika. Jaribio lililofanywa Bahari ya Barents mwaka 1992 lilionesha pia kuwa samaki waliovuliwa walipungua kwa takriban nusu, na hawakurejea katika siku tano zilizofuata. Kwa mintarafu hiyo, ratiba ya meli inapaswa kuwafikia wavuvi mapema kupitia kamati zao na masheha, na mvuvi naye anashauriwa kuweka kumbukumbu ya zana zake na mahali alipozitega, ili dai lolote liwe na ushahidi.

Wananchi wanaombwa kuzipokea habari za utafiti kwa kiasi. Mitetemo huonesha mahali pa kuchimba. Kilichomo husemwa na kisima peke yake.