Bahari Ndani ya Nyumba

Kufuga samaki nyumbani si jambo geni kwetu Pwani. Katika majumba ya kale ya Lamu, samaki wadogo walitiwa birikani kula viluwiluwi vya mbu, na bakuli la kaure likajengewa chini wapate kimbilio maji yakipungua. Lakini tangi kubwa la kioo, la maji ya bahari, ni kazi nyingine.

Kwanza itazame sakafu. Tangi la urefu wa mita 2, upana na kina sentimita 60, huchukua lita 720. Maji peke yake ni zaidi ya kilo 730. Nyumba ya boriti isibebeshwe mzigo huo ghorofani. Liwekwe chini, juu ya saruji.

Pili, subira. Uchafu wa samaki hutoa amonia, nayo ni sumu. Vijidudu vinavyoivunja hukaa maweni na mchangani, na mara nyingi huchukua wiki 4 hadi 6 kuenea. Samaki wangoje.

Maji yakipungua kwa joto, ongeza maji matamu, si ya bahari, kwani chumvi haiendi na mvuke.

Twaijua sote hadithi ya mwanamke aliyeadhibiwa kwa paka aliyemfungia bila chakula. Umeme ukikatika usiku, pampu husimama na samaki hukosa pumzi. Asiyeweza kuamka, heri asianze.